Espreso Martini Nyumbani, Bila Mashine ya Kahawa

Habari zenu wapendwa watazamaji, karibuni sana jikoni. Leo tunatengeneza espreso martini, ile kokteli ya kahawa ambayo ukiiagiza kwenye baa za mjini unashtuka bili ikija. Hapa mezani kwangu hakuna mashine ya espreso wala kopo la chuma la kutikisia. Kuna jiko, chujio la chai, barafu na chupa moja yenye mfuniko unaobana vizuri, na hivyo vinatosha. Video hii ni ya watu wazima, miaka 18 kwenda juu. Kama usiku huu una gari la kuendesha, au una mimba, tazama tu leo. Mwishoni nitakuonyesha ya kwako isiyo na pombe.

Kabla sijawasha jiko, angalia glasi hii niliyoitengeneza mapema. Chini kinywaji ni cheusi, juu kuna povu zito la rangi ya kahawia hafifu, laini, halina mapovu makubwa makubwa. Tunachokitafuta ni hilo povu. Humo hamna krimu, hamna maziwa, hamna yai. Limetoka kwenye kahawa peke yake, ikatikiswa kwa nguvu na barafu nyingi. Ndiyo maana nawaambia kila siku: msimalize hela kwenye chupa ya vodka. Vodka humu inaleta ukali tu, ladha yote inabebwa na kahawa. Nunua vodka ya kawaida, halafu hela iliyobaki nunua kahawa nzuri.

Kinywaji hiki ni cha London, miaka ya 1980. Aliyekianzisha ni Dick Bradsell, mchanganyaji vinywaji aliyekuwa akifanya kazi kwenye mgahawa wa Soho Brasserie. Mwenyewe alisimulia kwamba mwanamitindo mmoja alifika kaunta akataka kitu cha kumwamsha na kumlevya kwa pamoja. Mashine ya kahawa ilikuwa jirani kabisa na sehemu yake ya kazi, unga wa kahawa umetapakaa kila mahali, na vodka ndiyo iliyokuwa ikiagizwa sana wakati huo. Akaviunganisha, akakiita Vodka Espresso. Hilo la martini lilikuja miaka ya 1990, enzi ambazo karibu kila kilichomiminwa kwenye glasi ya mguu yenye umbo la pembetatu kiliitwa martini. Kwa hiyo usihangaike kutafuta jini wala vermouth, ile mvinyo yenye viungo inayotiwa kwenye martini ya asili, havimo.

Haya, vipimo vya glasi moja. Vodka mililita 50, yaani vijiko vitatu vya chakula na kimoja cha chai. Pombe tamu ya kahawa mililita 30, vijiko viwili vya chakula. Kahawa nzito mililita 45, vijiko vitatu vya chakula. Shira ya sukari mililita 10, vijiko viwili vya chai. Kama una kipimo cha toti cha baa, angalia namba iliyoandikwa, kwa sababu kuna toti za 25 na za 30, ukichanganya hizo mbili uwiano unaharibika. Mashine ya espreso inatoa kahawa nzito kuliko ya jiko, mwenye nayo atumie mililita 30 tu.

Tuanze na shira maana ndiyo rahisi. Kikombe kimoja cha sukari, kikombe kimoja cha maji, moto mdogo, koroga mpaka maji yawe angavu, zima. Usiiache ichemke sana ikawa nzito. Ikipoa weka kwenye chupa safi, tia kwenye friji, itakufaa wiki mbili.

Sasa tuje kwenye kahawa, na hapa naomba tutulie kidogo. Kahawa iliyokaangwa karibuni ina gesi ndani yake, ile ile hewa ya ukaa iliyo kwenye soda. Gesi hiyo pamoja na mafuta na protini za kahawa ndiyo inayosaidia povu kujengeka na kusimama. Kahawa iliyokaa dukani mwaka mzima gesi imeshatoka, harufu nayo imeshatoka, na utatikisa mpaka mkono uchoke usione kitu cha maana. Kwa hiyo ukinunua, uliza ilikaangwa lini, na ukiweza nunua buni, yaani punje nzima zilizokaangwa, uisage mwenyewe siku hiyo hiyo.

Aina nayo ina maana yake. Arabika ya Kilimanjaro, ya Mbeya au ya Mbinga inakupa harufu na uchachu mtamu. Robusta, ambayo Kagera wanalima kwa wingi, ni chungu zaidi na ina kafeini nyingi zaidi, lakini inatoa povu zuri kuliko arabika. Mimi hapa nimetumia arabika ya Mbinga iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi kidogo, nikaongeza robusta kama robo hivi. Hiyo robo inaonekana kwenye glasi, jaribu utaona.

Nina birika la moka, lile la chini maji juu kahawa. Maji yaishie chini ya kile kivalvu cha pembeni. Unga wa kahawa ujae kwenye kikombe chake lakini usiushindilie. Funga vizuri, weka kwenye moto mdogo, acha mfuniko wazi ili uone. Tazama, inaanza kutoka taratibu, nyeusi na nzito. Ikianza kuwa ya njano na kukoroma, toa jikoni papo hapo. Ile ya mwisho ni chungu na nyepesi, tuiache.

Huna birika la moka? Chukua vijiko vinne vya chakula vilivyojaa vya kahawa ya unga, mimina mililita 150 za maji yaliyotoka kuchemka, funika dakika nne, kisha chuja kwa kitambaa safi na ukamue. Utapata ya glasi mbili. Na kama ulichonacho ni kopo la Africafé, usijisikie vibaya hata kidogo. Vijiko viwili vya chai kwenye mililita 45 za maji ya moto, koroga iyeyuke yote. Kahawa ya kuyeyuka hutoa povu kwa urahisi mno. Wanaoikumbuka dalgona ya mwaka 2020, ile kahawa iliyopigwa na sukari mpaka ikaumuka, wanajua ninachosema. Harufu haitafika ile ya buni iliyosagwa leo, ila povu utalipata. Usitumie tu kahawa iliyowekewa tangawizi au iliki. Ni tamu kwenye kikombe chake, lakini ikikutana na vodka inageuka kuwa kinywaji kingine kabisa.

Kahawa ikiwa tayari, iache ipoe dakika tatu au nne. Isiwe ya kuunguza, na isiwe ya jana kutoka kwenye friji. Ya moto sana itayeyusha barafu yote na kinywaji kitakuwa maji maji. Pia ukiifungia ndani ya chupa ikiwa inatoa mvuke, hewa inatanuka na mfuniko unaweza kuruka.

Wakati tunasubiri, tuongelee pombe tamu ya kahawa. Inayojulikana sana ni Kahlúa, inatoka Mexico, imekuwepo tangu 1936, na imetengenezwa kwa ramu na kahawa ya arabika. Kwa majirani zetu kuna Kenya Gold. Yoyote utakayoipata inafaa. Kama bei inakukwaza, tengeneza yako: gramu 200 za sukari, mililita 200 za kahawa nzito, pasha kwa moto mdogo mpaka sukari iyeyuke. Zima jiko. Acha ipoe kabisa, iwe baridi ukiigusa, ndipo uongeze mililita 250 za vodka na nusu kijiko cha chai cha vanila. Nasisitiza hapo: usimimine pombe kali kwenye sufuria iliyo jikoni, mvuke wake unashika moto. Weka kwenye chupa ya kioo, funga, iache mahali penye giza. Ukiinywa leo ina makali ya pembeni, ukiipa wiki mbili inalainika. Ukipiga hesabu inakuja kama asilimia 17 ya kilevi, karibu sawa na ile ya dukani.

Najua kuna atakayeniuliza kuhusu Konyagi. Inawezekana kuitumia, lakini ina ladha yake inayoelekea kwenye jini, na ni asilimia 35 wakati vodka nyingi ni 40. Utapata kinywaji, na wapo watakaokipenda. Mimi kwa kahawa nzuri namna hii nisingeifunika na ladha nyingine.

Kahawa imepoa, sasa tunachanganya. Glasi yako iwe kwenye friza tangu mwanzo, iache huko huko kwanza. Chupa ninayotumia ni ile ya mazoezi, ya kuchanganyia unga wa protini, ni nzuri sana kwa kazi hii. Chupa pana ya kioo iliyokuwa na jamu nayo inafaa, ilimradi kioo chake ni kinene. Tunafuata mpangilio huu: vodka kwanza, halafu pombe tamu, halafu shira, halafu kahawa, na barafu mwisho kabisa. Ukitanguliza barafu kwenye chupa ya kioo halafu ukamwagia kahawa yenye joto, kioo kinaweza kupasuka.

Barafu jaza mpaka karibu na mdomo. Usiionee huruma. Watu wanaweka vipande vitatu wakidhani nyingi itazimua kinywaji, kumbe ni kinyume. Ikiwa kidogo inayeyuka yote kabla kinywaji hakijapoa. Ikiwa nyingi inapooza haraka, na inayoyeyuka ni kidogo. Tumia vipande vikubwa vilivyotoka friza sasa hivi, vikavu, visiwe vimeshaanza kutoa maji.

Funga. Hakikisha tena umefunga. Shika kwa mikono miwili, mkono mmoja ukandamize mfuniko, kitambaa kizungushie ukitaka. Sasa tikisa. Hapana, hivi unavyotikisa dawa ya kikohozi haitoshi. Nyanyua mpaka usawa wa bega, sukuma mbele na uvute nyuma, barafu igonge juu na chini, sauti isikike mpaka sebuleni. Sekunde 15 mpaka 20 bila kupumzika. Sikiliza, mwanzoni sauti ni kavu, ngumu, baadaye inakuwa nzito na laini. Hapo povu limeshajaa ndani. Chupa imekuwa baridi kiasi cha kuuma vidole, na ikiwa ni ya chuma utaona ukungu mweupe nje. Kwa sababu ya pombe, kinywaji kinashuka chini ya nyuzi sifuri bila kuganda.

Toa glasi friza sasa hivi, na usichelewe kumimina. Weka chujio la chai juu ya glasi, mimina kwa mfululizo. Chujio linazuia vipande vidogo vya barafu ambavyo vingeharibu ule ulaini. Tikisa kidogo chupa ukifika mwisho, maana povu zito ndilo linalotoka la mwisho, usiliache ndani.

Usiguse. Mwanzoni glasi nzima ni kahawia, huoni tofauti yoyote. Subiri. Unaona chini kunaanza kuwa cheusi? Mstari unapanda, povu linajikusanya juu, mpaka vinaachana kabisa. Sehemu hii naipenda kuliko zote, naweza kuiangalia kila mara.

Juu tunaweka buni tatu. Desturi hiyo imetoka Italia, kwenye kinywaji chao cha sambuca, na buni hizo tatu zinasimamia afya, mali na furaha. Zina faida nyingine pia: zikielea bila kuzama, povu lako ni zuri.

Kama lako halijatoka hivi, angalia mambo machache. Povu jembamba au hakuna kabisa: kahawa ni ya zamani, au umetikisa kwa upole. Kinywaji ni maji maji: barafu ilikuwa kidogo au kahawa ilikuwa ya moto. Chungu mno: ongeza kijiko kimoja cha chai cha shira glasi ijayo, usiongeze pombe tamu, kwa sababu ukiiongeza unabadilisha kila kitu. Tamu mno: acha shira kabisa, hasa kama pombe tamu umejitengenezea.

Ukiwa na wageni, changanya vodka, pombe tamu na shira mapema kwenye chupa moja, weka friza. Kahawa pika wakati wageni wamefika, na utikise glasi mbili mbili. Nne kwa pamoja hazitoi povu, nafasi ya hewa ndani ya chupa inakuwa ndogo.

Kuhusu kiasi, naomba unisikilize. Kwa vipimo hivi glasi moja ina kilevi sawa na bia ya mililita 500 yenye asilimia 5, lakini inashuka haraka kuliko bia. Kafeini inakufanya ujione mchangamfu, wakati kilevi mwilini kiko pale pale, hakijapungua hata tone. Mtu anajiona yuko sawa, anachukua ufunguo wa gari. Usimruhusu. Kwangu mgeni anapewa moja, akitaka sana mbili, na baada ya saa tatu usiku sizitengenezi, watu walale.

Sasa ile niliyowaahidi wasiotumia kilevi. Waitaliano wana kinywaji chao cha kiangazi kinaitwa shakerato: kahawa, sukari, barafu, basi. Chukua mililita 60 za kahawa nzito iliyopoa kidogo, vijiko vitatu vya chai vya shira, jaza barafu, tikisa vile vile kwa nguvu zote, chuja kwenye glasi iliyotoka friza. Povu linakuja lile lile, buni tatu zinakaa juu vile vile. Ukipenda, kabla ya kutikisa kamua kipande kidogo cha ganda la limau juu ya kahawa, mafuta yake yaingie, kisha litupe.