Roboti Limeikagua Kazi Yangu Kabla ya Binadamu

Jamani, mambo? Msiyacheke haya macho, huku ni usiku wa manane, ila hii nimeshindwa kulala nayo.

Mnakumbuka nilisema nataka kuchangia kwenye mradi wa programu huria? Nimechangia. Mistari kumi na miwili! Ni majaribio tu, yaani vipande vya kupima kama programu inatoa jibu sahihi. Ile programu ina kipande kinachoamua kama mwaka ni mrefu, yaani Februari ina siku 29 au haina. Nikaona hakuna aliyekijaribu kwa miaka ya karne. 2000 ni mrefu kwa sababu unagawanyika kwa 400. 1900 siyo, ingawa unagawanyika kwa 4. Basi nikaandika jaribio la 2000, nikalinakili, nikaweka 1900, nikaendesha faili langu. Kijani, yaani imefaulu! Nikatuma, nikaenda kuoga.

Natoka bafuni, maoni matano. Nikadhani ni wenye mradi, kumbe roboti la ukaguzi. Matatu ni yale ya mstari huu mrefu, acha nafasi hapa. Nikarekebisha huku nasonya.

La nne ndilo lililonikalisha chini: jina hili limeshatumika juu.

Sogeeni muone hapa kwenye skrini. Hili jaribio la kwanza, hili la pili. Someni majina. Herufi kwa herufi, yanafanana! Nilinakili nikasahau kubadilisha. Na Python, lugha niliyoandikia, haikupigii kelele kwa hilo. Inabaki na la mwisho, la kwanza linafukiwa kimya kimya. Ina maana 2000 haukujaribiwa hata mara moja, na mimi nilikuwa nashangilia kijani cha jaribio moja. Idadi ilikuwa imeandikwa pale chini kabisa, lakini nani anasoma idadi akishaona kijani?

Huyo aliyenishika wala hana akili nyingi, ni kikaguzi cha kulinganisha majina na kanuni. Ndugu zake wapo tangu lint, kikaguzi cha programu kilichotoka maabara ya Bell Labs, miaka ya 1970.

La tano sasa ni la akili mnemba, na lugha yake tamu kweli: "1900 unagawanyika kwa 4, kwa hiyo jibu sahihi ni ndiyo." Na kitufe cha kukubali kimewekwa pembeni! Kidole kilishafika. Ningebonyeza, jaribio lingegeuka jekundu, na ninavyojijua ningeanza kurekebisha programu ambayo haina kosa. Halafu haliko peke yake, maana Excel mpaka leo inahesabu tarehe 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwahi kuwepo.

Nimelikatalia, nikaandika sababu pale chini ili wenye mradi waione. Jina nimebadilisha, nimetuma tena. Kijani, na safari hii nimesoma idadi: 2.

Binadamu bado hawajafika. Wakinikubalia mtanisikia nikipiga kelele.