Njooni Kabla ya Kutangaza Tarehe

Ndugu zangu mnaojiandaa kufunga ndoa, leo nina ombi moja: njooni kwenye ushauri nasaha kabla hamjatangaza tarehe. Wengi huja zikiwa zimebaki wiki mbili. Ukumbi umelipiwa, nguo zimeshonwa, ndugu wako njiani. Hapo hata mtu akigundua jambo zito, hulimeza. Nawauliza swali, wanatazamana, kisha wananijibu kwa pamoja, "Sisi hatuna tatizo." Jibu hilo huniumiza, maana naiona hofu ya aibu ndani yake.

Chukueni mfano wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Aliyerithi jeni yake kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida ni mzima, na huenda hajui kabisa kuwa anayo. Wakioana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kumpata mtoto mgonjwa. Nasisitiza kila mimba: kuzaa mmoja mgonjwa hakuwalindi wanaofuata. Kipimo ni cha damu tu. Siwaambii waachane. Wana haki ya kuamua wakiwa wanajua, na wakiwa bado na nafasi ya kuamua.

Madeni nayo yasemwe, pamoja na watu wanaokutegemea kila mwezi. Mwenzako akikujibu "hayo tutayaona mbele ya safari," muulize tena, kwa upole.

Mwanasaikolojia wa Marekani, John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miongo mingi, alikuta asilimia 69 ya migogoro yao haiishi, kwa sababu mizizi yake ni tofauti za hulka. Mpangilifu na mzembe watavutana hata uzeeni, na bado wanaweza kupendana sana. Kwa hiyo usiingie kwenye ndoa ukitumaini kwamba itambadilisha mtu. Angalia mnavyogombana sasa. Mwenzako akikasirika hunyamaza siku tatu? Hukubeza? Gottman aliiona dharau kuwa ishara mbaya kuliko zote za ndoa kuvunjika, nami kwa niliyoyaona katika chumba changu cha ushauri namwamini. Lileteni jambo hilo mezani, mkiwa wote wawili.

Isipokuwa kama ameshakupiga, au unamwogopa. Wewe usije naye. Njoo peke yako kwanza; nitakusikiliza, na sitamwambia kwamba ulikuja.