Gunia moja, majibu matatu

(Mhadhara kwa vijana wanaojifunza kuandika programu, Mtwara mjini)

Wazee mliokaa mbele, shikamooni. Vijana, habari za jioni. Nimefurahi kuona waliotoka Newala na Tandahimba wamenitangulia, mimi ninayekaa hapahapa Shangani.

Wengi wenu mmeshasimama ghalani msimu wa korosho. Gunia linafunguliwa, sampuli inachotwa, na kwenye sampuli hiyohiyo mpimaji anatoa majibu matatu: unyevu ni asilimia ngapi, kilo moja ina korosho ngapi, na gunia la kilo 80 litatoa ratili ngapi za kiini. Hatoi jibu moja kisha akachota upya kutafuta la pili. Angefanya hivyo, jibu la pili lingekuwa la korosho nyingine.

Funksheni ni huyo mpimaji. Unaikabidhi kitu, inafanya kazi yake, inakurudishia jibu. Tatizo ni kwamba lugha nyingi tulizozirithi zimejengwa kana kwamba jibu ni moja siku zote. Katika C, aliyoitengeneza Dennis Ritchie pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, funksheni hurudisha thamani moja tu. Ukitaka mbili, ama unaipa vielekezi, yaani anwani za mahali pa kuyaweka majibu, ama unayafunga majibu yote ndani ya strakti moja, yaani kifurushi chenye nafasi kadhaa, kila nafasi na jina lake.

Na mashine yenyewe haina ubahili huo! Prosesa za x86, aina inayotumika kwenye kompyuta nyingi, zinapogawanya namba nzima, amri moja huleta jibu la kugawanya pamoja na baki, kila kimoja kwenye rejista yake, yaani kijisanduku cha namba ndani ya prosesa. Gawanya 17 kwa 5: unapata 3, inabaki 2. Vimezaliwa pamoja. Ila kwenye C unaandika alama ya kugawanya upate 3, halafu unaandika alama ya asilimia upate 2. Maktaba ya C, yaani hazina ya funksheni zilizokwisha kuandikwa, ina funksheni iitwayo div inayorudisha strakti yenye vyote viwili, na ni wachache wanaoikumbuka.

Lugha ya Python inaonekana karimu zaidi. Andika divmod(17, 5) upate (3, 2). Ndani ya funksheni yako unatenganisha majibu kwa mkato, basi. Ila elewa kinachorudi: ni kitu kimoja, kifurushi, ambacho mimi nakiita tapo kwa sababu ni kundi linalotembea pamoja. Wewe ndiye unayelifungua upande wa pili:

ghafi, halisi = pima(gunia)

Lua, iliyozaliwa chuo kikuu kimoja cha Rio de Janeiro mwaka 1993, na Go, iliyotangazwa 2009, zenyewe hurudisha majibu mengi bila kifurushi. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini si hiyo iliyonileta hapa. Iliyonileta ni mistari kama huo mmoja niliouandika.

Niliwahi kuandika programu ya ghala. Funksheni ilirudisha uzito ghafi, yaani korosho pamoja na gunia lake, kisha uzito halisi, korosho peke yake. Baadaye nikaipanga upya, halisi ikatangulia, na mahali pamoja ilipoitwa nikasahau kubadilisha. Programu haikulalamika, kwa kuwa zote mbili ni namba, tena ni kilo. Gunia tupu la katani lina kilo moja hivi. Macho hayaoni tofauti kati ya 81 na 80. Vitabu vikaanza kuonyesha korosho nyingi kuliko zilizomo ghalani, kilo kwa kilo, gunia kwa gunia. Mzigo ulipohakikiwa, aliyeulizwa zilikokwenda ni karani. Alikaa siku tatu akijieleza kwa kosa lililokuwa kwenye kompyuta yangu. Nilimwomba radhi mbele ya watu wote, na bado naliona deni lile.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Majibu mawili yasiyofanana kabisa, rudisha kwa mpangilio tu. Yakifika matatu, au yakiwa mawili ya aina moja kama kilo na kilo, yape majina. Kwa kazi hiyo ya kufunga majibu kwa majina, Python ina namedtuple, na tangu toleo la 3.7 la mwaka 2018 ina dataclass. Hapo unaandika matokeo.halisi, na hata funksheni ikipangwa upya mara kumi, halisi itabaki halisi.

Jambo la mwisho ni mizani iliyoharibika. Wengine hurudisha 0, wengine -1, wakimaanisha "nimeshindwa kupima". Tafadhalini, msifanye hivyo. Sifuri ni uzito. Itajumlishwa na nyingine, na mkulima atakuwa ameleta gunia la bure. Go imezoesha watu kurudisha viwili: jibu, na kosa kando yake, ili aliyeita aulize kwanza kama kuna kosa. Inaruhusu pia kulitupa kosa kwa kuweka alama ya mstari wa chini (_) mahali pake. Kwenye programu inayogusa malipo ya mkulima, mimi alama hiyo siikubali.

Haya, fungueni kompyuta. Andikeni funksheni pima inayopokea sampuli na kurudisha unyevu, idadi kwa kilo na ratili za kiini, kila kimoja kwa jina lake, na kosa pale kipimo cha unyevu kinapokataa kusoma. Asiye na kompyuta akae na jirani yake. Nitapita meza kwa meza.