Kutoka St. Mary's hadi Milambo: shule moja, majina mawili

Mwangaluka! Tumsifu Yesu Kristo. Na Waislamu mliofika, asalaam aleikum. Nimefurahi kuwaona mmekaa mbele, kwa sababu habari ya leo inawahusu sawasawa na sisi.

Wazee wangu, walimu, na ninyi wanangu wa kidato cha sita, nimeombwa nizungumzie shule za Kikristo za hapa Tabora, jinsi zilivyoanza na zilivyokua. Ni nyingi. Nitashika moja tu, ile ambayo vijana mnaijua kwa jina la Milambo na wazee bado wanaiita Senti Meri.

Mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, wale tuliowaita Mapadri Weupe kwa kanzu zao, walifika Unyanyembe, yaani hapa Tabora, mwaka 1878 wakitokea Bagamoyo kwa miguu. Wengine wakaelekea Buganda, wengine wakashika njia ya Ujiji wakafika huko Januari 1879. Mji walioukuta hapa ulikuwa wa misafara ya pembe na watumwa, mji wa Kiislamu wenye watu wanaojua kusoma Kurani. Kwa hiyo asidanganywe mtu kwamba kalamu ilifika Tabora na misheni. Chuo cha Kurani kilikuwepo. Kilicholetwa na misheni ni shule ya namna nyingine, na wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa watoto yatima na watoto waliokombolewa utumwani. Hawakuwa watoto wa wakubwa.

Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Mwingereza ikaanza kuzipa shule za misheni ruzuku, ili mradi zikubali kukaguliwa. Hapo ndipo zilipokua kweli: padri alitoa kiwanja na walimu, serikali ikatoa fedha, wazazi wakatoa nguvu zao.

Sasa nifike ninapopapenda. Mwaka 1946 kijana mmoja alirudi kutoka Makerere. Tabora aliijua, kwani alikuwa amesoma Shule ya Serikali, hiyo tunayoiita leo Tabora Boys. Shule yake ya zamani ilimtaka akafundishe, na mshahara wake ulikuwa mnono. St. Mary's nayo ilimtaka, chini ya Padri Richard Walsh, ila malipo yake yalikuwa madogo. Upande wa serikali wakamwonya kwamba miaka atakayofundisha misheni haitahesabiwa kwenye pensheni. Onyo hilo ndilo lililomfanya akate shauri: akaenda misheni. Huyo ni Julius Nyerere. Alifundisha baiolojia na historia mpaka 1949, na jioni aliwafundisha watu wa mjini Kiingereza bila kudai senti. Padri Walsh akamsaidia kupata njia ya kwenda kusoma Edinburgh.

Wanangu, nawaomba mlifikirie hilo la jioni. Mwalimu ameshinda darasani tangu asubuhi, chaki imemjaa mikononi, halafu anaanza darasa la pili la watu wazima wasiomlipa. Mimi nimefundisha miaka mingi, najua uchovu ule. Ukiniuliza shule hii ilikuzwa na nini, nitakuonyesha saa hizo za jioni kabla sijakuonyesha jengo lolote.

Miaka ishirini baadaye, mwalimu yule ndiye Rais, na Sheria ya Elimu ya 1969 inazitwaa shule za misheni. Seminari ziliachiwa Kanisa, ndiyo maana seminari yetu ya Itaga imebaki Itaga. St. Mary's ikawa ya serikali, na leo ina jina la Mirambo, mtemi maarufu wa Wanyamwezi, kwa matamshi ya Kinyamwezi.

Wakatoliki wengi waliumia, na mpaka leo wapo wanaosema tulinyang'anywa. Nawaelewa. Lakini nimekulia mji huu, jirani zangu ni Waislamu, na nilisikia upande wao tangu mtoto. Baba alikuwa na mtoto mwenye akili, na shule nzuri iliyokuwa karibu ilikuwa ya misheni. Afanye nini? Ampeleke aogope atarudi na jina la ubatizo, au amwache nyumbani achunge mbuzi? Wengi waliwaacha nyumbani. Nchi iliyopata uhuru 1961 isingeweza kuendelea kugawa elimu kwa dini ya mtoto. Naamini Mwalimu alifanya sawa, na nasema hivyo nikiwa mwana wa Kanisa.

Kilichoniuma mimi ni kingine. Jina lilipobadilika, tuliacha na kumbukumbu zipotee. Madaftari ya mahudhurio, picha za timu za mpira, barua za mapadri, nani anazo? Kila mwaka tunazika wazee waliosoma pale, na tunazika pamoja nao mambo ambayo hayajaandikwa popote.

Mjomba wangu aliingia pale mwishoni mwa miaka ya 1960. Aliingia shule ya mapadri akatoka shule ya serikali, na hakuhama hata kitanda. Alikuwa na sanduku la bati, kufuli yake imeliwa na kutu, na juu ya kifuniko alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe ST. MARY'S, na chini yake namba yake ya bweni. Rangi imebanduka, lakini herufi zinasomeka. Shangazi aliweka unga ndani yake miaka yote.

Nimekuja nalo leo, lile pale karibu na mlango. Tukimaliza, njooni mlione. Na kabla hamjatoka, mwalimu aliyekaa pale mezani ana daftari jipya. Mwenye mzee nyumbani aliyesoma pale, kwa jina lolote kati ya hayo mawili, aandike jina la mzee na mtaa anaokaa. Wanangu wa kidato cha sita watapita kwa wazee hao wakati wa likizo, wawili wawili, na kalamu.