Karafuu za Pemba: ramani ya droni haitoshi, tuwekeni na sauti

Asalaam aleykum jamani, asanteni kwa kuja. Mie leo nazungumza karafuu, na najua wengi humu mnapenda mambo ya ramani, kwa hiyo tuanze huko huko.

Ule mradi wa kuichora Zanzibar kwa droni ulioanza 2016, vijana wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, wakazirusha Unguja na Pemba, ile ni kazi kubwa na naiheshimu sana. Maana ukitegemea setilaiti, picha za bure za Sentinel-2 pikseli moja, yaani kidoti kimoja cha picha, ni mita 10 kwa 10, sasa niambieni, kwa mashamba yetu haya, ndani ya mita 10 hizo una mkarafuu, mnazi, migomba miwili mitatu na chini muhogo, kompyuta itajuaje kipi ni kipi? Inaona kijani basi. Na mawingu ya Pemba ndo usiseme. Droni inapita chini ya mawingu, na picha yake unahesabu mti mmoja mmoja.

Lakini hata hiyo picha haikwambii kwa nini mikarafuu imejaa Pemba kuliko Unguja. Ni kimbunga cha 1872, kiliilaza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikapona zaidi. Wala haikwambii zile eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi zilianzia wapi zikaishia wapi na mti gani nani kaupanda. Hayo wanayo wazee, na wazee wanaondoka.

Ndo maana nasema podikasti, vipindi vya sauti vya kusikiliza kwenye simu. Jioni watu wamekaa jamvini wanachambua, karafuu huku makonyo, vile vikonyo vyake, kule, mikono inakwenda na mdomo unakwenda, omba ruhusa washa simu. Utasikia bonde gani linawahi kuiva, mikarafuu ya nani inakauka kuanzia juu, nani kaanguka mtini kwa kukimbizana na karafuu zisije zikafunguka maua. Mtaalamu akija na fomu yake hapati hata nusu ya hayo.

Halafu ile sauti iunganishe na ramani, uMap, tovuti ya kutengenezea ramani, ni ya bure, mtu anabonyeza nukta anapata linki ya kipindi. Vipindi viwe vifupi, vipite WhatsApp, bando ghali. Na nukta weka kwenye kijiji, usiweke juu ya shamba la mtu, karafuu zinaibiwa jamani.