Maji Ndiyo Yanayopanga Ratiba: Msitu wa Jozani na Kuogelea Mashariki ya Unguja

(Mhadhara kwa wanafunzi wa fani ya kutembeza watalii, ulioandikwa kama ulivyotolewa)

Assalaam aleykum, na habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie safari ambayo kila mmoja wenu ataifanya mpaka aichoke akishapata leseni yake ya Kamisheni ya Utalii: siku moja, kutembea msitu wa Jozani, kisha kuogelea upande wa mashariki, Paje, Jambiani au Bwejuu. Kwenye karatasi ni safari nyepesi mno. Gari, kima, picha, bahari, chakula, hoteli. Wepesi huo ndio unaoiharibu, maana watu hawaifikirii.

Kuna kampuni moja, sina haja ya kuitaja, ilikuwa na ratiba ileile mwaka mzima. Msitu saa tatu, bahari saa sita, kuondoka saa tisa. Kuna siku ratiba hiyo inatoka vizuri kama imeandikwa na nahodha. Na kuna siku wageni wanashuka garini Paje, taulo mabegani, wanakuta bahari imekwenda zake kule kwenye mwamba, na hapa mbele yao ni mchanga mbichi, majani, madimbwi, na akina mama wameinamia mwani. Mtembezaji anawaambia, "Subirini, itarudi." Kurudi itarudi. Lakini itajaa saa moja jioni, na gari linaondoka saa tisa.

[kicheko]

Mnacheka kwa sababu nyote mmezaliwa na jambo hili. Mvuvi wa Chwaka hawezi kufanya kosa hilo, wala mama wa mwani. Ni sisi tu, tukishavaa fulana yenye nembo, tunasahau tuliyoyajua utotoni na kuanza kupanga siku kwa saa ya chai ya hoteli. Ninachotaka kukwambieni leo ni hiki: safari hii ipangwe kuanzia baharini kurudi msituni. Kwanza ujue maji yanajaa saa ngapi, ndipo uamue mgeni aamke saa ngapi.

Basi tuhesabu. Maji yetu yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa inasogea mbele kwa wastani wa dakika hamsini. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, tunapata bamvu: maji yanapanda sana na kushuka sana, tofauti inaweza kufika mita nne hivi. Mwezi nusu tunapata maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Hayo mnayajua. Wengi hawayaunganishi na saa ya ukutani.

Siku za bamvu hapa kwetu, bahari inajaa jioni, baina ya saa kumi na saa kumi na moja, na inakauka asubuhi kama saa nne na nusu hivi. Siku zote za bamvu, mwaka hadi mwaka, ni saa hizohizo, kwa sababu bamvu huja pale mwezi na jua vinapojipanga mstari mmoja, na saa zetu zinafuata jua. Kwa hiyo mtu akikuuliza tarehe, usitazame kalenda ya Kizungu peke yake. Tazama mwezi wa Kiislamu ni ngapi leo, yaani tarehe yake. Ukiwa mwezi mosi au kumi na tano, asubuhi yote ni ya msitu na bahari ni ya alasiri. Kuanzia saa nane maji yamesharudi kwenye uwanda wa ndani ya mwamba, saa tisa mtu anaogelea vizuri, na saa kumi ni raha tupu.

Ukiwa mwezi nane, maji mafu, yanajaa asubuhi kama saa nne, na yakipwa hayaendi mbali. Siku hiyo unaweza kugeuza: bahari kwanza, msitu alasiri. Mwezi kumi na moja na kumi na mbili ndizo siku ninazozipenda kuliko zote, bahari inajaa mchana saa saba hivi. Msitu mapema, bahari mchana, kila mtu anarudi akiwa na furaha hata dereva.

Siku ngumu ni mwezi nne na tano, na tena kumi na nane na kumi na tisa. Maji yanajaa saa moja asubuhi na saa moja jioni, na katikati ya mchana, wakati jua liko utosini na mgeni anataka kuingia majini, hakuna maji. Siku hizo una njia mbili. Unaweza kuwapeleka pengine: Kizimkazi upande wa kusini, au Kendwa kule kaskazini ambako bahari ina kina karibu na ufukwe na maji yakipwa bado unaogelea. Kendwa ni mbali na Jozani, mjue. Au unabaki mashariki na unamwambia mgeni ukweli tangu siku ya kununua safari, kwamba leo hatuogelei sana, leo tunatembea juu ya sakafu ya bahari mpaka karibu na mwamba. Mgeni aliyeambiwa mapema analipenda hilo. Aliyelikuta kwa kushtukia anadai pesa zake.

Hesabu hii niliyowapa ni ya kukadiria. Ya uhakika iko kwenye jedwali la maji, na kila mmoja awe nalo kwenye simu. Lakini mtu anayetegemea jedwali tu, simu ikizima anakuwa mgeni mwenzao.

Twende msituni.

Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2004, eneo la kilomita za mraba 50 hivi. Wageni wanakuja kwa ajili ya kima punju, na wana haki, maana mnyama huyu kwa asili hayupo pengine popote duniani isipokuwa kisiwa hiki. Walioko Pemba, msitu wa Ngezi, walipelekwa kutoka Unguja. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilikuta zaidi ya 5,800, zaidi ya mara tatu ya watu walivyokuwa wakidhani. Msiisome namba hiyo kama ruhusa ya kulegea. Kisiwa ni kimoja na msitu unapungua.

Kima wanakula asubuhi na alasiri, katikati ya mchana wanapumzika juu, miguu inaning'inia, na mgeni anaona mikia. Kwa hiyo ukimfikisha mtu Jozani saa sita umemnyima nusu ya alichokilipia. Ukifika lango linapofunguliwa, utawakuta chini, wakati mwingine chini kweli, kwenye michongoma iliyo sawa na kifua chako. Hapo simama. Mwonyeshe mgeni mkono wa kima anapovuta tawi: vidole vinne, dole gumba hakuna. Anavuta tawi kama ndoano, analeta jani jipya mdomoni, la zamani analiacha. Matumbo yake yana vyumba, yameumbwa kusaga majani na matunda mabichi. Tunda bivu lenye sukari linamdhuru. Hilo tu linatosha kumnyamazisha mgeni mwenye ndizi mkononi. Huna haja ya kumgombeza.

Na kuna jambo la makaa. Kima wanaoishi karibu na mashamba wanakula majani ya mikungu na miembe, yenye protini nyingi lakini yenye sumu ndani yake. Basi wanaokota makaa kwenye matanuri ya zamani na kuyala, na makaa yanaifyonza ile sumu tumboni. Watafiti wamelipima hilo, si hadithi ya kijiweni. Ukibahatika kumwona kima mmoja amekaa na kipande cha mkaa, anakitafuna taratibu, midomo myekundu imepakaa weusi, basi acha kuzungumza. Hakuna maneno yako yatakayozidi picha hiyo.

Umbali nao. Mkaribie kima naye hatakimbia, amewazoea watu, na hapo ndipo penye hatari yake. Mafua ya mgeni yanaweza kumpata. Mimi naweka hatua tano, na mgeni akipiga chafya namrudisha zaidi. Na mwambieni dereva, kwenye ile barabara inayokata msitu, apunguze mwendo hata pale pasipo na tuta. Matuta yaliwekwa kwa sababu kima walikuwa wanagongwa, na hata sasa wanagongwa.

Sasa tazameni chini ya miguu yenu. Jozani pana maji. Wakati wa masika baadhi ya njia zinafurika. Hatua chache kutoka hapo ni maweni matupu, jiwe kali lenye matundu. Jiwe hilo ni matumbawe ya zamani sana, wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo. Kusini na mashariki ya Unguja huoni mito kwa sababu mvua inazama moja kwa moja katika jiwe hilo, inapita chini, na sehemu ya maji hayo inatokea ufukweni. Alasiri ukiwa Jambiani na bahari inaanza kurudi, mwambie mgeni atembee peku kwenye mchanga mbichi. Atakanyaga mahali pa baridi ghafla. Ni maji matamu yanachimbuka mchangani. Mvua iliyonyesha bara ya kisiwa inaingia baharini chini ya nyayo zake. Mtu uliyemwonyesha jiwe asubuhi hatakuuliza tena kwa nini msitu na pwani vimewekwa katika safari moja.

Baina ya viwili hivyo kuna mikoko ya Pete, na njia ya mbao inayopita juu yake. Watu wanaipitia haraka, dakika kumi, picha mbili. Mimi naona ndiyo sehemu tamu kuliko zote, na ndipo hesabu yetu ya maji inaporudi. Maji yakipwa unaona matope, mizizi ya mkoko imesimama kama miguu ya meza, mizizi ya mchu, aina nyingine ya mkoko, imechomoza juu inavuta hewa, na kaa wadogo wenye koleo moja kubwa wanapungiana. Ukikanyaga ubao kwa nguvu wote wanaingia shimoni kwa mara moja. Simama kimya, hesabu mpaka thelathini, wataanza kutoka mmoja mmoja. Maji yakijaa huoni kaa, unaona samaki wachanga baina ya mizizi, na kumbe ndiyo kitalu chao. Siku ya bamvu ukitoka msituni saa nne unawakuta kaa. Siku ya mwezi kumi na mbili unawakuta samaki. Usimwahidi mgeni kaa siku ya samaki.

Kutoka hapo mpaka Paje ni chini ya nusu saa kwa gari. Chakula kiwe chepesi, au kiwe baada ya bahari.

Kuhusu kuogelea nitasema machache lakini yashikeni. Uwanda wa ndani ya mwamba unaonekana kama bwawa la watoto, na mara nyingi ndivyo ulivyo. Hatari iko kwenye milango ya mwamba, yaani mapengo yake. Maji yanapoanza kutoka, uwanda mzima unatokea kwenye milango ile michache, na mkondo unakuwa na nguvu kuliko mikono ya mtu. Miezi ya kusi, upepo wa kusini, huzidi, kwa sababu mawimbi yanamwaga maji juu ya mwamba na yote hayo lazima yatafute pa kutokea. Kwa hiyo ogeleeni maji yanapoingia, mbali na mlango. Mkondo ukimshika mtu, asishindane nao. Akate ubavuni, sambamba na ufukwe, mpaka atoke ndani yake. Mweleze kabla hajalowa, akiwa bado anakusikia. Na viatu vya mpira miguuni, kwa ajili ya wale vinyama weusi wenye miiba mirefu. Mwiba wao unaingia rahisi na unavunjikia ndani.

Mwani. Ulianza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na kazi hiyo mpaka leo kwa sehemu kubwa ni ya wanawake. Wanafanya kazi maji yakipwa siku za bamvu, saa ileile mgeni wako anaposema bahari mbaya. Vigingi na kamba zile ni shamba la mtu. Huongozi kundi la watu kumi katikati ya shamba la mtu bara, basi usifanye hivyo pwani. Picha iombwe, na ombi litoke kwako kwa Kiswahili, "Shikamoo bibi, wageni wangu wanaomba..." Akikataa, mmekwenda. Nguo vilevile: vazi la kuogelea ni la ufukweni, ukipita mtaani mgeni ajifunge kanga. Weka kanga mbili tatu garini, usimpe mtu mawaidha, mpe kanga.

Naona mkono. Ndiyo, dada.

[Swali: Mgeni asiyejua kuogelea, nimfanye nini?]

Swali zuri, na ni wengi, ila wanaona haya kusema. Usimuulize mbele ya wenzake. Muulize garini, pembeni, mapema. Kisha mtafutie mahali maji yanapomfika kiunoni, yanaingia, na wewe usimame upande wa bahari, yeye upande wa nchi kavu. Kwa maana hiyo wewe mwenyewe lazima ujue kuogelea. Asiyejua miongoni mwenu, na najua wapo, aanze wiki hii.

Kazi ya nyumbani ni hii. Watu wanane wanatoka hoteli ya Mji Mkongwe, mwezi kumi na nane, wamelipia msitu na bahari, na wawili kati yao ni watoto. Andikeni ratiba kuanzia saa ya kujaa maji. Tutazisoma kesho, na atakayeniandikia Paje saa saba mchana atatueleza atakachowaambia hao watoto.