Kuosha na Kutumia Tena Mabomba ya Kupimia Arki

Karibuni, watazamaji. Hapa mezani nina bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano, pipeti ya plastiki laini, yaani kile kidonezi chenye kifuko cha kuminya juu, na kijiti cha kukorogea, vifaa ambavyo sisi tunaotengeneza ashkrimu na sharubati nyumbani huvitumia kupimia na kuchanganyia arki za vanila, waridi, nanasi au mnanaa. Vimetengenezwa vitumike mara moja tu, na ndiyo maana kwenye pakiti ya bomba mnaona tarakimu 2 ndani ya duara, imekatwa kwa mstari. Kwa kazi ya arki peke yake mimi huliosha bomba na kulirudia mara kadhaa, mradi nilinunue jipya katika pakiti yake na lisiwe limewahi kugusa dawa.

Kabla ya matumizi ya kwanza, bandikeni selotepu angavu juu ya mistari ya vipimo, kwa sababu arki nyingi zina alkoholi, nayo hufuta wino. Bomba lisilo na vipimo halina kazi tena.

Mkishamaliza kupima, msiliache bomba likauke. Vuteni maji ya uvuguvugu, tikiseni, mwageni, mkirudia mara tatu au nne. Kisha chomoeni kisukumio, yaani ile fimbo ya ndani yenye mpira mweusi kichwani, kama ninavyofanya sasa. Wengi huishia kuvuta na kusukuma maji bila kulifungua bomba, ilhali uchafu wenyewe umejificha kwenye mifereji ya ule mpira. Mpira hunyonya harufu kuliko plastiki: niliwahi kupimia arki ya embe kwa bomba lililotumika kwa mnanaa, nikiamini limetakata, na ndoo nzima ya sharubati ya harusi ikanukia kama dawa ya meno.

Sasa tieni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika bakuli la maji ya moto yanayovumilika mkononi, mloweke vipande vyote kwa dakika 15. Arki zinazoyeyuka katika maji zingetoka hata bila sabuni, lakini zile za mafuta, kama za maganda ya machungwa na mnanaa, hazitoki bila hiyo. Sugueni ndani ya bomba kwa brashi nyembamba na mpira kwa mswaki mpya, kisha suuzeni kwa maji safi ya kunywa hadi povu liishe. Msichemshe: pipeti hulegea na kupinda, na mpira ukichemshwa mara kwa mara hupoteza umbo, bomba likaanza kuvuta hewa. Spiriti ya kusafishia vidonda nayo haifai, kwa kuwa aghalabu huwekewa viungo visivyoliwa.

Kujua kama harufu imetoka, jazeni bomba maji ya uvuguvugu, yaacheni dakika 10, halafu yamimineni katika kikombe na kuyanusa. Yakinukia, loweka upya. Yakiendelea kunukia, bomba hilo litumieni kwa arki yake ileile tu.

Tandazeni vipande kwenye kitambaa safi kivulini, kisukumio kikiwa nje ya bomba, hadi vikauke kabisa, maana unyevu ukifungiwa nyuma ya mpira huota ukungu. Kisukumio kikianza kukwama, msikipake mafuta ya kupikia, kwani huvimbisha aina nyingi za mpira, nayo huchacha humo ndani. Litupeni bomba hilo, pamoja na lolote lenye ufa, weupe wa mikwaruzo au rangi isiyotoka.

Kijiti kikishakwaruzika hutupwa. Pipeti haifunguki, na kile kifuko chake cha juu hakisuguliki. Kwa hiyo mimi huisuuza kati ya vipimo vya arki moja siku hiyo hiyo, na jioni naitupa. Mabomba yaliyokauka nayaweka katika kopo lenye mfuniko, kila moja likiwa limeandikwa jina la arki yake juu ya selotepu, na kopo hilo halikai kamwe kwenye kabati la dawa za watoto.